Apache na Nginx zote kwenye poti 80

Umeuliza kama Apache na Nginx, programu mbili za kuhudumia tovuti, zinaweza kutumia poti 80 (mlango wa kawaida wa tovuti) kwenye mashine moja ya Linux. Inawezekana kabisa, ndugu, kila moja ikiwa na anwani yake ya IP, na huhitaji kadi ya pili ya mtandao. Ongeza anwani nyingine kwenye kadi hiyohiyo (hapa inaitwa `eth0`): `ip addr add 192.168.1.11/24 dev eth0`. Iandike pia kwenye mipangilio ya mtandao, maana mashine ikizimwa inapotea.

Nginx inagoma kuwaka kwa sababu ya mstari wa `Listen 80` kwenye Apache. Mstari huo unashika anwani zote za mashine, kwa hiyo Nginx inakuta poti imeshachukuliwa. Ubadilishe uwe `Listen 192.168.1.10:80` (tuseme hiyo ndiyo anwani ya kwanza ya mashine), na upande wa Nginx weka `listen 192.168.1.11:80;` katika kila tovuti, hasa ile ya mfano iliyokuja na Nginx yenyewe, wengi huisahau. Zima zote mbili, ziwashe, kisha angalia kwa `ss -ltnp`, amri inayoonyesha ni programu gani imeshika anwani na poti ipi. Ukiona `*:80` au `0.0.0.0:80`, bado kuna mstari hujaurekebisha.