Kuhusu kuezeka ua wa nyumba ya kale ya Ahmedabad

Ndugu, nimekuelewa: wakwe zako wana nyumba ya kale katika mitaa ya pol, yaani vitongoji vya kale vya nyumba zilizobanana, mjini Ahmedabad, India, na fundi anashauri ua wa katikati uezekwe, kisha kila chumba kifungwe kiyoyozi. Nakusihi usikubali. Ua huo ndio mapafu ya nyumba: usiku hewa baridi hutuama humo na kuingia vyumbani, mchana hewa ya moto hupanda na kutoka juu, huku kuta zinazopakana na za majirani zikipunguza sehemu inayopigwa na jua.

Kwanza pakeni paa chokaa nyeupe, na madirisha yafunguliwe usiku na kufungwa asubuhi. Mikeka ya mizizi ya khus (aina ya nyasi) iliyoloweshwa hupoza vizuri wakati wa kiangazi kikavu. Msimu wa mvua haisaidii, kwa kuwa hewa tayari imejaa unyevu. Tangi la mvua chini ya ua lifunikeni dhidi ya mbu, msilifukie.

Kabla ya kugusa nguzo au boriti yoyote, mwiteni mhandisi wa majengo na ombeni kibali cha manispaa, kwani mji huo mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu 2017. Joto likipita nyuzi 40, wazee wawekeeni kiyoyozi katika chumba kimoja.