Unayeanza kupenda sanaa ukiwa Kigoma, anza kwa kutazama

Vijana wanaokuja kwangu Ujiji kujifunza kuchora huuliza swali lilelile kila wakionyeshwa picha: hii ina maana gani? Nawaomba swali hilo lingoje. Kwanza niambie unachokiona. Rangi ipi imekuvuta? Mwanga unatoka upande gani? Jicho lako limeanzia wapi? Anayekimbilia maana huacha kutazama mapema, na raha ya sanaa iko kwenye kutazama.

Usisubiri nauli ya Dar es Salaam. Nenda mwaloni, Kibirizi au Katonga, uchague boti moja ya mbao iliyovutwa nchi kavu. Fuatilia mstari wa rangi unavyokwenda na mkunjo wa mbao kutoka omo hadi tezi. Angalia herufi za jina, na pale rangi mpya ilipopakwa juu ya ile ya zamani. Kila kitu hapo kiliamuliwa na mtu mwenye brashi mkononi, na ukishazoea kuyaona maamuzi hayo kwenye boti, utayaona hata kwenye kazi za makumbusho makubwa.

Kisha tazama Tingatinga kwa heshima. Najua wapo wanaoiita sanaa ya watalii, na mimi sikubaliani nao. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya kung'aa inayopakwa baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki 1972. Ndani ya miaka hiyo michache aliacha namna ya uchoraji ambayo wengine wanaishi nayo mpaka leo. Ukiipata kazi nzuri ya mtindo huo, tazama mnyama mmoja anavyoijaza picha nzima, na mandhari ya nyuma yanavyoachwa na rangi chache ili umbo lake lisimame.

Kazi za zamani za Ulaya zinapatikana kwenye simu. Makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam, yameweka picha zake kwenye intaneti bure, kwa ubora unaokuruhusu kuvuta karibu sana. Tafuta mwanamke anayemimina maziwa, aliyechorwa na Johannes Vermeer karibu mwaka 1660. Picha yenyewe ni ndogo, sentimita 45.5 kwa 41. Usianze na uso wake. Vuta karibu ukuta mweupe ulio nyuma yake: kuna msumari na kivuli chake, na vitundu palipowahi kupigiliwa misumari mingine. Vermeer angeweza kuuacha ukuta mtupu, lakini ule msumari ndio unaokufanya uamini kwamba chumba hicho watu wanaishi. Sasa hamia kwenye mkate, uone vidoa vidogo vya rangi nyepesi vinavyoupa mng'ao. Halafu aproni ya buluu. Rangi hiyo ilitengenezwa kwa jiwe la thamani lililotoka Afghanistan, na hapa amevalishwa nayo mtumishi wa jikoni! Kwa picha hii peke yake unaweza kumaliza jioni nzima, na ningependa uimalize hivyo kuliko kupitisha picha mia kwa kidole.

Za kwetu pia zitafute huko mbali. Mchoro wa Sam Ntiro wa mwaka 1956, wa wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, uko MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York. Viti vya enzi vya watemi wa Kinyamwezi, majirani zetu wa Tabora, vingine viko Berlin. Inaniuma kwamba mtoto wa Tabora anaviona kupitia kioo cha simu, lakini avione.

Sanaa ya sasa itakusumbua zaidi. Mashetani waliochorwa na Mtanzania George Lilanga, wenye masikio makubwa, huwachekesha wengine na kuwaudhi wengine. Ukiudhika usiondoke haraka. Andika kwenye daftari ni kitu gani hasa kimekuudhi, kisha chora sehemu hiyo kwa penseli, hata vibaya. Mkono hulazimisha jicho kuona lilichoruka.

Na ukikutana na mchoraji ana kwa ana, muulize alianzia wapi na ni sehemu gani ilimsumbua. Wengi huulizwa bei tu.