Ugonjwa "sugu": nani hasa aliye sugu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, naandaa vipeperushi vya elimu ya afya. Mgonjwa mmoja aliambiwa kisukari ni ugonjwa sugu, akaacha dawa. Nilipomuuliza sababu akanijibu, "Kama ni sugu, dawa za nini?" Je, neno hili tunalitumia vibaya?

JIBU: Marahaba. Neno ni sahihi na limo katika vitabu vya afya, lakini mgonjwa wako naye alielewa Kiswahili vizuri kabisa. Hilo ndilo linalonisumbua.

Tuanze na ngozi. Kisigino kikisuguliwa na kiatu kila siku huota sugu, ngozi ngumu isiyosikia tena maumivu. Kutoka hapo tukapata mdaiwa sugu, aliyedaiwa mpaka akazoea, na mhalifu sugu, asiyeonyeka hata kwa kifungo. Kote humo sugu ni kile ambacho ukikigusa hakishtuki. Sasa mwambie mtu ana ugonjwa sugu. Atasikia nini, kama si ugonjwa usiotishwa na dawa? Wataalamu walikusudia tu kwamba ugonjwa hukaa na mtu miaka mingi. Kisukari na shinikizo la damu hukaa, ni kweli, lakini dawa huzisikia.

Kwa hiyo katika kipeperushi ningeandika "ugonjwa wa kudumu". Wako wanaopendelea "ugonjwa wa muda mrefu", nami sikubaliani nao sana: kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi kadhaa, mara nyingi sita, kisha kikapona. Muda ni mrefu, lakini una mwisho. Na neno peke yake halitoshi, liongezee sentensi: "Kisukari hakiondoki kwa dozi moja, ila ukifuata dawa na maelekezo kila siku, sukari yako inaweza kubaki katika kiwango salama."

Kuna mahali sugu inakaa sawasawa, nako tunaiharibu kwa sarufi. Tunasema "usugu wa dawa". Linganisha na uchungu wa dawa, au ukali wa dawa. Kilicho kichungu ni dawa, kilicho kikali ni dawa. Basi katika usugu wa dawa, msomaji ana haki ya kudhani iliyo sugu ni dawa. Wengine hudhani ni wao wenyewe. Mara ngapi umesikia "mwili wangu umeshazoea dawa hii"? Lakini wanaobadilika ni bakteria. Dawa ikitumiwa ovyo, walio dhaifu hufa, wanaoihimili hubaki na kuzaana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya juu ya jambo hili katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1945.

Kosa hili si dogo. Anayeamini kwamba mwili wake ndio uliozoea dawa ataona hilo ni shida yake binafsi, haimhusu jirani. Kumbe bakteria hao wanaweza kumwambukiza mtu ambaye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja cha dawa hiyo, nayo ikashindwa kumtibu tangu siku ya kwanza.

"Usugu wa vimelea dhidi ya dawa" ndilo jina kamili. Liache kwenye ripoti. Kwa wananchi tumia kitenzi, na mtenda aonekane: "Vijidudu hivi havifi tena kwa dawa hii." Hata "kifua kikuu sugu" kifafanue mara ya kwanza unapokitaja: kifua kikuu ambacho vijidudu vyake haviuawi na dawa za kawaida, kwa hiyo kina dawa zake nyingine. Maneno hayo ya mwisho usiyasahau, maana bila hayo utampoteza mgonjwa mwingine kama yule wa kwanza.

Kabla ya kuchapa, mpe mtu asiye wa fani yako akisome, kisha akueleze kwa maneno yake ni nini kilichokuwa sugu. Akijibu "mwili", irudie sentensi hiyo.