Sertraline na sindano ya kupunguza uzito: zinaendana?

Dada wa Area C, unatumia sertraline, vidonge vya sonona, na umeandikiwa semaglutide, sindano ya kupunguza uzito, unauliza kama zinagongana. Kwa kawaida hazigongani, ila daktari anayekutibu sonona ajue kabla hujachoma ya kwanza. Na usiache vidonge ghafla eti kupisha sindano.

Shida ni tumbo. Sindano huchelewesha chakula kutoka tumboni, na sertraline nayo huleta kichefuchefu. Ndiyo maana dozi huanzia miligramu 0.25 mara moja kwa wiki, wiki nne, ndipo 0.5. Usipandishe kwa pupa. Kula kidogo kidogo. Ugali wa kuvimbiwa na nyama ya mafuta ni kujitafutia matapishi. Ukitapika, usirudie kidonge kwa kubahatisha, muulize mfamasia. Wanaotumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, wawe macho zaidi: kutapika, pamoja na joto letu la Dodoma, hukausha maji mwilini, lithiamu ikapanda kwenye damu hadi kuwa sumu. Wa amitriptyline, dawa nyingine ya sonona, wajiandae kwa choo kigumu.

Kalamu ya sindano isiyofunguliwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, ikiganda, usiitumie.

Huzuni ikizidi au mawazo ya kujidhuru yakija, usichome nyingine. Nenda Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapa Dodoma, au hospitali iliyo karibu, siku hiyohiyo.