Kufuli la helikopta ya R44 lisiloonekana litakufunga wewe

Weka chini huo msumeno. Umesema R44 yako italala nje msimu mzima wa kusi, na unataka kukata bomba la PVC la kijivu liwe kufuli la vidhibiti, yaani la kuzuia mipini ya kuendeshea isitikiswe na upepo, tena "lisivutie macho". Hapo kwenye "lisivutie macho" ndipo nilipoumia mimi.

Yangu ilikuwa kamba nyeusi ya kufungia panga la juu mkiani, nikasahau kuifungua. Injini ya R44 huwaka mapanga yakiwa yametulia. Ukishabonyeza swichi ya klachi ndipo mota ndogo inakaza taratibu mikanda inayopeleka nguvu ya injini kwenye mapanga. Panga likiwa limefungwa mkiani halizunguki, na mikanda inasugua puli. Husikii kosa, unalinusa. Kitabu cha rubani kinataka mapanga yaanze kuzunguka ndani ya sekunde 5, la sivyo zima. Mimi nilihesabu hadi 15 nikisingizia baridi ya asubuhi. Baridi, pwani! Ikawa mikanda mipya, bati la mkia limebonyea, na fundi akinitazama kama mzazi aliyesahau mtoto kwenye daladala. Aliyeniuzia ile kamba alinisifia kuwa nyeusi haionyeshi uchafu. Kweli, haikuonyesha chochote.

Kwa hiyo kanuni ni moja: ufunguo wa injini unaishi kwenye mfuko wa vifungo, yaani mkanda na kamba za kufungia helikopta. Shona mfuko mwekundu, ufunguo uukamate kwa klipu na kamba ya sm 15. Ukiegesha, vifungo vinatoka mfukoni na mfuko mtupu unaondoka nao pamoja na ufunguo. Asubuhi ukishika mfuko mtupu, ujue kuna kitu bado kimefungwa. Ufunguo hauchomolewi kwenye klipu mpaka vifungo vyote 2 virudi ndani: mkanda wa saikliki (mpini wa kuelekeza helikopta) na kamba ya panga.

Bomba achana nalo. Tumia mkanda wa nailoni wa upana wa sm 2.5, urefu wa mita 2, wenye bizimu ya plastiki. Shusha kolektivu (mpini wa kupanda na kushuka) hadi chini, saikliki iwe katikati, kaza friksheni zote mbili, yaani vibano vya mipini hiyo. Zungusha mkanda kwenye mpini wa saikliki, upitishe kwenye kolektivu, kisha uufungie kwenye mkanda wa usalama wa kiti cha kulia, ili rubani asiweze hata kukaa. Shonea kitambaa chekundu cha sm 60 kinachoning'inia nje ya mlango.

Usikaze kama unafunga mzigo wa mkaa. Acha ulegevu wa sentimita moja hivi. Upepo ukitikisa panga, nguvu inashuka kwenye fimbo za vidhibiti, na ukiwa umeubana mpini kwa chuma, maungio ndiyo yanayopokea kipigo. Nati za kipepeo pia hapana: moja ikidondoka chini ya pedali utaikumbuka ukiwa hewani. Wala usitoboe kitu.

Kanuni za Marekani, kifungu 27.679, zinataka kufuli la helikopta limwonye rubani bila utata na lisiweze kujifunga hewani. Mwaka 2014 kule Bedford, Massachusetts, ndege ya Gulfstream IV ilijaribu kuruka huku kufuli la upepo, lile la vidhibiti, likiwa limefungwa. Watu wote 7 walikufa. Wachunguzi walikuta kwamba katika safari 175 zilizotangulia, marubani hao hawakufanya ukaguzi kamili wa vidhibiti katika asilimia 98. Kwa hiyo hata mfuko ukijaa, zungusha saikliki hadi mwisho pande zote, na kabla ya kupanda lisukume panga kwa mkono. Likikataa, rudi mkiani.