Chora Mti Mmoja Mwaka Mzima

Mwaka niliopoteza kazi nilirudi Dodoma na kisanduku cha rangi za maji, hamu ya kuchora sina. Kilichonitoa ndani ni mbuyu mmoja kando ya njia ya kwenda Hombolo. Niliuchora mwezi Agosti ukiwa mtupu, kijivu mwanzo mwisho, na chini ya picha nikaandika: "Umekufa."

Nakuomba usifanye haraka hiyo. Sogea karibu kwanza. Niliporudi wiki iliyofuata niliona kwamba gome si kijivu hata kidogo. Lina waridi iliyopauka, na jua la asubuhi likilipiga hung'aa kama shaba. Usawa wa kifua changu palikuwa na kovu pana, mahali watu walipobandua gome wapate nyuzi za kusokotea kamba. Miti mingi ukiibandua kuzunguka shina hukauka. Mbuyu huotesha gome jipya. Pale penye kovu palikuwa laini kama goti la mtoto lililopona, na nilikaa hapo asubuhi nzima nikitafuta rangi yake. Majani nayo mti huyapukutisha wenyewe kiangazi ili kutunza maji. Nilioudhani umekufa ulikuwa umejifunga kibwebwe.

Basi chagua mti wako, uchore kila mwezi, andika tarehe nyuma ya karatasi, na usitupe hata ile picha inayokukera. Kiangazi upepo wetu hukausha rangi kabla hujainua brashi, kwa hiyo lowesha karatasi pande zote mbili na uanze alfajiri.

Novemba mbuyu ulichanua. Ua lake hufunguka jioni, kesho yake linaanguka. Niliokota moja jeupe, na kabla sijamaliza kulichora lilikuwa limeanza kuwa kahawia. Nililia pale, si kwa ua peke yake. Kisha nikachanganya kahawia nikaendelea.

Ukipata nauli, nenda Kolo, Kondoa, ukaone michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Nyekundu yake imefifia, mahali pengine mchoro umepita juu ya mchoro wa zamani. Waliochora hawakuacha majina. Nilisimama pale muda mrefu, moyo umetulia.

Lile neno la Agosti sijalifuta. Picha ile nimeibandika ukutani karibu na ya Januari, yenye majani. Agosti nyingine inakaribia, na karatasi nimeshakata.