Jibu: Zapfino kwa kadi nzima ya mwaliko?
Umeuliza kama Zapfino, ile fonti inayoiga mwandiko wa mkono, inafaa kuandikia kadi yote ya harusi. Ndugu yangu, iache kwenye majina ya maharusi tu. Mbunifu wa herufi Hermann Zapf aliijenga juu ya mwandiko wake wa kalamu wa mwaka 1944, ikatoka 1998, na uzuri wake wote uko kwenye mikia: herufi zinapanda na kushuka mbali sana na mstari. Ipe nafasi kubwa juu na chini, la sivyo mistari itagongana. Herufi kubwa tupu usijaribu, hazisomeki kabisa. Ila chezea maumbo mbadala ya herufi ileile, maana hapo ndipo inapofanana kweli na mkono wa mtu. Tarehe na ukumbi viandike kwa fonti ya kawaida, nyembamba.